Kifaa cha Mgongoni Kiwe Mtumishi wa Mtaalamu

Ni nadra kuiona nyumba katika mikoa yetu hii ya kaskazini isiyo na mtu anayelalamikia mgongo. Yupo mama wa Mabogini aliyeinama tangu alfajiri akipandikiza mpunga katika majaruba. Yupo mwenzake wa milimani apandaye mteremko na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Yupo mpagazi anayewabebea wageni mizigo kwenda Mlima Kilimanjaro, dereva wa basi akaaye kitini kutoka Arusha hadi Dar es Salaam, kuli wa sokoni, fundi mwashi, na karani aliyejikunja mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni. Kazi zao ni mbalimbali na vipato vyao havilingani, lakini giza linapoingia wote huweka mkono mahali pamoja, juu kidogo ya nyonga, wakaugulia.

Maradhi haya hayaui, na pengine hiyo ndiyo sababu hayapewi uzito yanaostahili. Hakuna anayetangaziwa msiba kwa sababu ya kiuno. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba idadi hiyo inakadiriwa kufika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya ulemavu ulimwenguni. Mkulima aliyelala kitandani wakati mvua za kwanza zinanyesha hakufa, lakini msimu wake umekufa, na jamaa yake watauona ugonjwa huo ghalani miezi michache baadaye.

Tunaandika juu ya jambo hili leo kwa sababu limepata sura mpya. Katika miaka ya karibuni vimetokea vifaa vidogo vya kielektroniki vinavyovaliwa mwilini, navyo vinanadiwa kwamba vitamsaidia mgonjwa wa mgongo kufanya mazoezi yake ya tiba akiwa nyumbani. Vipo vinavyobandikwa kiunoni kama plasta, vipo vinavyofungwa kwa mkanda, na zipo saa za mkononi zinazohesabu hatua. Matangazo yake humfikia mwananchi katika simu yake, na mwenye jamaa ng'ambo huweza kuagizia. Tena, kwa kuwa nchi yetu ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, haitachukua muda mrefu kabla hatujaulizwa kama vifaa vya namna hii navyo vilipiwe kwa fedha za wote. Ni vyema umma uwe umelitafakari jambo hili kabla siku hiyo haijafika.

Kwanza tukieleze kifaa chenyewe, maana haifai kukihukumu kitu tusichokijua. Ndani ya kipande cha plastiki kinachoweza kuwa kidogo kama kibiriti mna vihisi vya namna mbili. Kimoja hutambua mvuto wa dunia, na kwa hiyo hujua kama mwili umesimama wima au umeinama, na umeinama kwa kiasi gani. Cha pili hupima kasi ya kugeuka, na kwa hiyo hujua mtu amejipinda upande upi na kwa haraka ipi. Vipimo hivyo hupelekwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye simu ya mgonjwa, na programu iliyomo katika simu huvigeuza kuwa picha na tarakimu. Mgonjwa akiinama mara kumi, simu huhesabu kumi. Akiinama nusu tu ya alivyoagizwa, simu humwambia. Akikaa kitako muda mrefu pasipo kujinyoosha, kifaa hutetemeka kidogo kumkumbusha. Na mtaalamu wa fiziotherapia aliye mjini huweza kuzifungua taarifa hizo akaona kama mgonjwa wake wa kijijini alifanya mazoezi siku ya Jumatano au hakuyafanya.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ya Japani ilitoa kidude cha kuvaa kiunoni kilichohesabu hatua, na jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Tangu hapo watu wa nchi nyingi wamekuwa wakizitaja hatua 10,000 kana kwamba ni amri ya daktari, kumbe asili yake ni jina la bidhaa. Tunaomba msomaji aikumbuke habari hiyo ndogo, kwani inatuonya jinsi tarakimu ya muuzaji inavyoweza kuvaa joho la tiba.

Pamoja na hayo, hatuna budi kukiri kwamba kifaa hiki kinakusudia kuondoa tatizo la kweli. Fiziotherapia si kidonge ambacho mtu hukimeza akasahau. Mtaalamu humwona mgonjwa kwa nusu saa, humwonyesha mazoezi, kisha humrudisha kwake, na sehemu kubwa ya tiba hufanyika katika siku zile ambazo mtaalamu hayupo. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mwenzetu mmoja wa chumba hiki cha habari aliugua mgongo akapewa katika hospitali moja karatasi yenye michoro ya mazoezi sita. Wiki ya kwanza aliyafanya yote kwa bidii. Wiki ya pili alikumbuka mawili. Wiki ya tatu ile karatasi ilikuwa jalada la daftari la mwanawe. Aliporudi hospitali akaulizwa kama amefanya mazoezi, alijibu kwamba amefanya, na mtaalamu, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua, akambadilishia mazoezi akidhani yale ya kwanza yameshindwa. Hivyo mgonjwa akamdanganya mganga, na mganga akaitibu hadithi badala ya mgongo.

Hatumcheki mwenzetu huyo, maana walio wengi miongoni mwetu ni kama yeye. Mazoezi ya mgongo hayana ladha. Faida yake haionekani siku ile ile, na mara nyingine mwanzoni huongeza uchungu. Mtu anayeyafanya peke yake chumbani hana hakika kama anayafanya sawasawa, na uchungu unapoanza hudhani amejivunja. Kwa mtu wa namna hiyo, kitu kinachomhesabia, kinachomkumbusha na kumwonyesha kwamba leo ameinama kwa wepesi kuliko juzi kinaweza kuwa faraja kubwa. Na kwa mgonjwa aishiye mbali, ambaye nauli ya kwenda hospitali ya mkoa ni kibarua cha siku nzima au zaidi, kumwezesha mtaalamu amfuatilie bila safari ni jambo la utu. Atakayevikataa vifaa hivi kwa sababu tu ni vigeni atakuwa amekosa haki.

Lakini yafaa tuulize kama vinaponya, na juu ya hilo tunao ushahidi mzito. Mwaka 2023 jarida la kitabibu liitwalo The Lancet lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa nchini Australia kwa watu 492 waliokuwa na maumivu sugu ya mgongo yaliyowazuia kufanya shughuli zao. Watu hao waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliendelea na matibabu ya kawaida. Kundi la pili lilikutana na wataalamu wa fiziotherapia waliofunzwa mahususi, wasiowapa mazoezi tu bali waliokaa nao, wakasikiliza historia ya maumivu yao, wakawaeleza yanatoka wapi, na kuwarudisha hatua kwa hatua katika miondoko waliyokuwa wakiiogopa. Kundi la tatu lilipata huduma ile ile ya kundi la pili, ikiongezewa vihisi vya mwilini vilivyowaonyesha wagonjwa jinsi wanavyosogea. Mikutano haikuzidi saba katika majuma kumi na mawili, na mmoja wa nyongeza baadaye.

Matokeo yake yanastahili kusomwa na kila mwenye mamlaka ya kununua vifaa vya hospitali. Makundi yote mawili yaliyokutana na wataalamu waliofunzwa yalipata nafuu kubwa kuliko lile la matibabu ya kawaida, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo mwaka mzima ulipotimia. Lakini kati ya kundi lililokuwa na vihisi na lile lisilokuwa navyo haikuonekana tofauti ya maana. Mashine haikudhuru, wala haikuongeza. Kilicholeta nafuu ni mtu aliyefunzwa vizuri, mwenye muda wa kusikiliza na ujuzi wa kumfundisha mgonjwa auamini tena mwili wake.

Hatusemi kwamba jaribio hilo limefunga mjadala. Lilifanyika katika nchi tajiri, ambako mgonjwa aliweza kumwona mtaalamu tena na tena. Mtu anaweza kudai, na hatumpingi, kwamba pale ambapo mtaalamu haonekani ila mara moja kwa miezi mitatu, kifaa kinaweza kuwa na kazi kubwa kuliko kilivyokuwa nayo Australia. Huenda ndivyo. Lakini dai hilo sharti lithibitishwe hapa, kwa wagonjwa wetu na kazi zetu, kabla ya fedha za umma kutumika. Wenzetu wa Ujerumani wametuonyesha njia. Tangu mwaka 2020 daktari wa huko aweza kumwandikia mgonjwa programu ya simu kama anavyomwandikia dawa, na bima ikalipa. Ila mtengenezaji hutakiwa kuthibitisha manufaa yake, na baadhi ya walioshindwa kuthibitisha wameondolewa katika orodha. Ikiwa nchi yenye utajiri ule haikubali maneno matupu ya muuzaji, sisi tuna sababu gani ya kuyakubali?

Zaidi ya hayo, kuna mambo ambayo kifaa chenyewe, kwa jinsi kilivyoumbwa, hakiwezi kuyajua. Kihisi hupima pembe ya mwili, hakipimi mzigo. Msichana aliyeinama kuokota kijiko na mama aliyeinama kunyanyua ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji, huonekana kwake kuwa sawa. Tena kihisi kilichobandikwa juu ya ngozi husogea pamoja na ngozi, na jasho la shambani likikilegeza, hutoa tarakimu zisizo za kweli kwa sauti ile ile ya uhakika. Wala hakijui kwamba mvaaji amelala njaa, au anadaiwa, au ana msiba nyumbani, mambo ambayo wataalamu wote wanakiri kwamba huyazidisha maumivu ya mgongo yasipone.

Liko pia jambo la hatari zaidi. Baadhi ya vifaa vinavyouzwa vimetengenezwa vitetemeke kila mvaaji anapopinda mgongo, kwa imani kwamba mgongo mzuri ni ule ulionyooka daima. Elimu ya leo haikubaliani na imani hiyo. Mgongo umeumbwa uiname, ujipinde na kubeba. Mgonjwa anayefundishwa kuogopa kuinama hukakamaa, misuli yake hudhoofika, na maumivu hujenga nyumba ya kudumu. Sasa tumfikirie mkulima wa jembe la mkono aliyevalishwa kifaa kinachomkemea kila ainamapo. Ataacha kulima, au atakitupa kifaa. Na akikitupa atakuwa amefanya la busara zaidi. Vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya karani wa kitini haviwezi kuletwa shambani bila kufikiriwa upya.

Tena yapo magonjwa ambayo mazoezi hayapaswi kuanza kabla hayajachunguzwa. Ni kweli kwamba takriban asilimia 90 ya maumivu ya mgongo wa chini hayana chanzo kimoja kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole, na hayo ndiyo yanayofaidika na mazoezi. Lakini katika yale machache yaliyobaki mna hatari. Kifua kikuu huweza kuushambulia uti wa mgongo. Saratani huweza kusambaa ikafika katika pingili zake. Mtu mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, au kukonda bila sababu, au aliyepata kuugua saratani, au aliyeanguka kutoka juu ya mti au pikipiki, aende hospitali bila kukawia. Na yule ambaye miguu yake inaishiwa nguvu, au amekufa ganzi sehemu za siri, au hawezi tena kuzuia au kutoa mkojo na choo, asingoje hata kesho, kwa kuwa mishipa ya fahamu ikibanwa mno inaweza isirudi. Hakuna simu itakayomwambia hayo. Itaendelea kumhesabia mazoezi kwa uaminifu huku ugonjwa ukimla.

Kabla hatujatoka katika habari za biashara, tuseme neno juu ya mikanda migumu ya kukaza kiuno iuzwayo madukani na mitaani, ambayo wengine huichanganya na vifaa tunavyovieleza. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kutibu maumivu sugu ya mgongo pasipo upasuaji. Mwongozo huo unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi yenye mpango, na msaada wa kisaikolojia kwa wanaouhitaji. Haupendekezi mikanda ya kiuno itumike kama tiba ya kawaida ya maumivu hayo, wala kuvuta mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Mwananchi anayetoa akiba yake kununua mkanda huo ajue kwamba ananunua kitu ambacho wataalamu wa dunia wamekitazama na kukiweka kando.

Na wakati tunashindana juu ya bei ya mashine, tusiisahau tiba ambayo haina bei. Mwaka 2024, jarida lile lile la The Lancet lilichapisha jaribio jingine la Australia, la watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo siku si nyingi. Nusu yao walipewa mpango wa kutembea kwa miguu, ukiongezeka taratibu hadi kufikia nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, pamoja na ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia katika vikao vichache. Walioufuata mpango huo walikaa siku 208 za kati kabla ya maumivu kurudi. Wenzao ambao hawakupewa kitu walikaa siku 112. Barabara za vijijini zipo, na viatu vya kawaida vinatosha. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mgonjwa kwamba kutembea hakutamvunja, na kumpangia aanze vipi.

Hapa tunajua tutajibiwa kwamba mtu huyo ndiye asiyepatikana. Tutaambiwa kwamba wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, kwamba wengi wao wamo katika hospitali kubwa za mijini, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo mashine zinahitajika. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini tuifuate hadi mwisho wake. Ikiwa upungufu ni wa watu, basi kila shilingi itakayonunua mashine isiyo na mtu wa kuisoma itauongeza upungufu badala ya kuupunguza. Taarifa mia mbili za wagonjwa zikifika kila jioni kwa mtaalamu mmoja aliyekwisha kuchoka, nani atazifungua? Mikoa yetu ina bahati ya kuwa na hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako vijana hufunzwa taaluma hii. Itakuwa aibu kuwa na chemchemi mlangoni, kisha tukaenda kununua maji ya chupa ng'ambo. Vijana hao waajiriwe hospitali za wilaya na vituo vya afya, nao wafunzwe si mikono tu bali pia namna ya kuzungumza na mtu aliyeishi na maumivu miaka mingi.

Kazi hiyo ikianza, basi vifaa navyo vipewe nafasi yake. Tunapendekeza mambo haya. Kwanza, visiuzwe kwa mgonjwa, bali viwe mali ya hospitali na viazimwe kwa majuma machache, kama vinavyoazimwa magongo na viti vya magurudumu, kisha virudi vitumiwe na mwingine. Mgonjwa huhitaji kukumbushwa mwanzoni. Mwenye kukihitaji kifaa maisha yake yote bado hajatibiwa. Pili, viseme Kiswahili, na maneno yake yawe ya kawaida, maana kifaa kinachomwamrisha bibi kwa lugha asiyoijua kitamwongezea ugonjwa wa pili. Tatu, viweze kufanya kazi pasipo intaneti ya kila saa na vikae na chaji siku kadhaa. Nne, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ihakikishe kwamba chochote kinachonadiwa kuwa ni tiba kimechunguzwa kama vifaa tiba vingine, siyo kuingizwa sokoni kama kipuli au saa ya mapambo. Na tano, vijaribiwe kwanza katika wilaya chache, wenye navyo walinganishwe na wasio navyo, na matokeo yatangazwe kwa wananchi hata kama hayatawapendeza walionunua.

Tunaongeza sharti la sita, ambalo tunaliona kubwa. Kifaa kinachojua mtu ameinama mara ngapi kinajua pia alilala saa ngapi, alitoka lini, na kama leo alifanya kazi au alipumzika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda mambo ya namna hii, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa yale yanayotakiwa kutunzwa kwa uangalifu wa pekee. Sheria hiyo itekelezwe kwa vitendo. Tumfikirie mpagazi wa mlimani ambaye mwajiri wake anaziona taarifa za mgongo wake. Kanuni za Hifadhi humwekea kikomo cha mzigo wa kilo 20 ili kumlinda. Tarakimu za kiunoni mwake zinaweza kutumiwa kumwachisha kazi. Habari za mgongo wa mtu ni zake yeye na mganga wake, na hazimhusu mwajiri, kampuni ya bima, wala mtengenezaji aliye nchi ya mbali.

Nao waajiri tuwaambie kwamba wasingoje mashine. Meza ya soko ikiinuliwa, mbebaji hanyanyui gunia kutoka ardhini. Gunia likipunguzwa uzito, kuli hulibeba miaka mingi zaidi. Dereva akipumzishwa na karani akaruhusiwa kusimama, gharama yake ni ndogo kuliko ya mtu aliyelala nyumbani. Ni rahisi mno kumvalisha mfanyakazi kifaa kinachomlaumu jinsi anavyoinama, na kusahau kuuliza ni nani aliyeuweka mzigo chini.

Wasomaji wetu wa rika la zamani wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Katika kampeni hiyo redio ilisema, na watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini mwao, wakasikiliza, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Chombo kilikuwa redio, kitu kigeni cha kiwandani, tena chenye betri. Lakini redio haikuachwa iseme peke yake na mtu mmoja aliye chumbani. Ilikuwa na kiongozi wa kikundi kando yake, na majirani waliomwuliza mwenzao kesho yake kama ametenda waliyokubaliana. Kwa nini mazoezi ya mgongo yasifanywe hivyo? Vikundi vya akina mama vipo, vikoba vipo, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo. Robo saa ya mazoezi kabla ya kuhesabu hisa, chini ya mtu aliyefunzwa na mtaalamu wa wilaya, inaweza kuwa kihisi bora kuliko vyote, kwa kuwa jirani haishiwi chaji na wala hadanganyiki kirahisi kama alivyodanganyika yule mtaalamu wa mwenzetu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tunamkaribisha mgeni huyu wa plastiki kwa moyo huo huo. Aje, tumpime na tumpe kazi inayomfaa. Lakini mgeni hapewi funguo za nyumba siku ya kwanza, wala mwenye nyumba hafukuzwi ili mgeni apate kitanda. Hospitali ya wilaya itakayokuwa na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia na vifaa kumi vya kuazimisha itakuwa imetenda vema. Itakayokuwa na vifaa mia, na chumba cha mtaalamu kimefungwa kwa kufuli, itakuwa imenunua mapambo kwa fedha za wagonjwa. Wanaopanga bajeti za halmashauri zetu waamue mapema wanataka hospitali ipi kati ya hizo mbili, na wananchi wawaulize.